Kishale cha Makao Makuu

Watu walimwita Mama Cheti, na jina lake la kweli hata mlinzi wa getini hakulijua. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa usajili wa vizazi katika ofisi ya chumba kimoja, dirisha moja, kompyuta moja, na benchi refu lililong'arishwa na makalio ya wazazi.

Zamani kompyuta ikiugua, fundi alikuja na pikipiki, akaifungua, akapuliza vumbi, akanywa chai, mambo yakaisha. Kisha makao makuu wakaleta programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali. Fundi hanyanyuki tena kitini. Anaingia kwenye mashine yako akiwa huko huko, anasogeza kishale kwenye skrini yako, anarekebisha, anatoka. Sauti ya fundi huyo Mama Cheti aliijua, sura hakuwahi kuiona. Akambandika jina: Bwana Kishale.

Balaa lilianzia kwenye uchapaji. Kila cheti kilitoka nusu. Jina la mtoto lipo, la mama halipo. Akapiga simu.

"Naingia sasa hivi, mama. Toa mkono kwenye kipanya."

Akautoa. Benchi zima likanyoosha shingo. Kishale hakikutikisika.

"Haya, tayari," Bwana Kishale akasema.

"Tayari nini? Mbona sijaona kitu?"

"Mtandao wenu mzito, mama. Mimi nimeshamaliza."

Akakata. Punde ujumbe ukaingia: Tatizo limetatuliwa. Mama Cheti akachapa cheti. Nusu.

Ikawa hivyo wiki ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Kibaya zaidi, siku ambazo hakuomba msaada wowote, kishale kiliamka chenyewe. Yuko katikati ya kuandika, mara kurasa zinafungwa moja moja, kazi ya nusu saa imeyeyuka.

"Umemfuta mwanangu!" baba mmoja akamaka.

"Si mimi."

"Si wewe, nani? Umekaa hapo peke yako."

Nyumbani mumewe, seremala, akamshauri aipige kompyuta kofi tu, itanyooka. Akamwambia akapige kofi mbao zake.

Wiki ya saba akaja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, safari yake ya nne kwa cheti kimoja. Hakugomba, alikaa tu akimtazama, na hilo likamchoma Mama Cheti kuliko matusi. Akanyakua simu.

"Niambie, unaona nini kwenye skrini yangu?"

"Naona picha ya mapacha wako, wamevaa sare," Bwana Kishale akajibu. "Hongera, mama."

"Mapacha gani? Nina binti mmoja, na skrini yangu ina picha ya kuku!"

"Mama, mimi naiangalia hapa."

"Na mimi nimekaa mbele yake!"

"Orodha inasema ni kompyuta yako. Labda uliiweka ukasahau."

Kusahau watoto! Akakata simu, kisha akaanza kupigia matawi mengine, moja baada ya jingine, akiuliza nani ana mapacha. Tawi la tatu, karani akashtuka: "Wanangu wamefanya nini?"

Walipoelezana, wote wawili waliguna. Huyo naye kila akiomba msaada aliambiwa tayari, na kishale kilikuwa kikimtembelea bila mwaliko. Kwenye orodha ya makao makuu, kompyuta zao zilikuwa zimebadilishana majina. Kila mmoja alipolia, aliyetibiwa ni mwenzake.

Mama Cheti akampigia tena Bwana Kishale kwa simu ya ofisi, na ile ya mkononi, yenye karani mwenzake, akaifungulia sauti kubwa.

"Ingia, usogeze kishale."

"Nasogeza."

"Shoga, vipi huko?"

"Kinazunguka kwangu kama nzi!"

Bwana Kishale akasikia kwa masikio yake. Vidole vikagonga kibodi, na baada ya dakika mbili kishale kikaamka mbele ya Mama Cheti, kikabonyeza hapa na pale, printa ikakohoa, cheti kikatoka kizima.

"Samahani sana, mama. Ilikuwa mistari miwili tu kwenye orodha."

Mama Cheti alidhani siku hiyo ikifika angeshangilia. Badala yake hasira ilimpanda. Dakika mbili! Na wiki saba ameitwa mvivu, mzembe, mfuta watoto.

"Usiniombe mimi. Waombe hawa." Akaifungulia sauti simu ya ofisi, akaigeuzia benchi.

"Samahanini," sauti ikasema.

Mwenye mtoto mgongoni alikuwa akisoma cheti chake, kidole kikifuata herufi moja moja.

"Dada," akasema kwa unyonge, "jina langu hapa mmelikosea."

Mama Cheti akashusha pumzi, akavuta kibodi.