Chumba Ambacho Sikukiagiza

Baba yangu alipima ardhi ya watu miaka thelathini na minane, na tangu astaafu, miaka miwili sasa, anatupima sisi. Alianza na jiko, akagundua kabati limeinama kushoto kwa milimita tisa nukta nne, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeliegemea. Ofisini walimwita Nukta, kwa sababu hakuwahi kutaja kipimo kikaishia kwenye namba nzima. Hata ukimuuliza kutoka hapa hadi kituo cha basi ni mbali kiasi gani, atakujibu mita mia nne na kumi na mbili nukta tatu. Nampenda sana, lakini kushona nguo huku mtu amesimama nyuma yako na rula ya chuma akikagua mishono, huo ni mtihani.

Ndiyo maana Jumapili mchana, wageni wangu wakija, nilikuwa nafunga mlango wa chumba cha kushonea. Nalisema mapema nisije nikajifanya sikulifanya.

Wageni wenyewe ni wawili. Nesi yuko wodi ya watoto, mpole kazini, lakini mezani kwangu hana analolipenda kuliko kuua mazimwi. Spana ni fundi pikipiki, na kila mara anaigiza mchawi mwenye ndevu, yeye ambaye kidevu chake hakijawahi kuota hata unywele mmoja. Tunacheza ule mchezo wa mezani ambao mmoja anasimulia na wengine wanaigiza. Kila mtu ana kisanamu chake, kirefu kama kidole gumba, na dadu ndizo zinazoamua kama upanga umepata au umekosa. Msimulizi ni mimi, na tunachezea juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa.

Tatizo letu lilikuwa ramani. Visanamu vinataka mahali pa kusimama: viboksi vya inchi moja moja, kuta, milango, ngazi. Mwanzo nilichora kwa chaki ya cherehani juu ya kitambaa cheusi, nikajiona mjanja. Dakika ishirini hazikufika, kiwiko cha Spana kilikuwa kimefuta ukuta mzima wa gereza na wafungwa wote wakawa huru. Nesi akaleta nailoni ngumu ya kutandika juu ya meza, ile unayochora na kufuta. Wazo zuri sana, ila alileta na kalamu ya kuandikia mabegi ya hospitali, isiyofutika. Ule mto aliouchora upo hadi leo, na wateja wangu wanauliza ni pateni ya nguo gani. Tukajaribu vipande vya kadibodi vilivyochapwa vyumba tayari. Vilikuwa vyumba vitatu tu, na ikulu, pango na hospitali ya wachawi vyote vikawa na jiko lile lile.

Mwisho Spana akapakua programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta. Lo, ilitoa moshi na vivuli vya mienge ukutani! Tukaichapa kurasa kumi na sita, tukazibandika kwa gundi, kisha ndipo tukaona printa imepunguza kila kitu. Zimwi lilihitaji viboksi vinne, likakalia tisa, na nusu ya mkia ikawa chumba cha jirani.

Siku hiyo nilitoka kutafuta mkasi nikasahau kufunga mlango. Kurudi, namkuta baba ameinamia meza, miwani kwenye ncha ya pua.

"Nani kachora uchafu huu?"

"Kompyuta, baba."

"Mwambie kompyuta ukuta wa kaskazini haufungi. Na mtu akitoka chumba hiki kwenda hiki, anapita wapi? Anayeyuka?"

Nesi na Spana wakamwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia bila kuinua macho. Mkono wake ulikuwa unapapasa mfuko wa shati kutafuta penseli. Sikuwa nimeuona mkono ule ukitafuta penseli tangu alipostaafu na kurudisha gari la ofisi. Nikaona haya, nikasema kwa haraka kabla sijabadili mawazo: "Baba, tuchoree basi. Jumapili ijayo wanaingia chini ya kasri. Wamelitafuta hilo kasri miezi minane."

Nilidhani nimemfanyia hisani. Kumbe nimejitafutia bosi.

Ramani ya kwanza aliimaliza Jumatatu. Ilikuwa na mwelekeo wa kaskazini, mistari ya miinuko, na mawe ya mipaka yenye namba. Ilikuwa nzuri hadi nikaogopa kuigusa. Nikaweka kisanamu cha Nesi juu yake, kikafunika kasri lote na bustani.

"Moja kwa mia tano," akasema. "Ndiyo skeli ya mjini."

"Baba, watu wetu wanataka kuingia ndani, hawataki kujenga barabara."

Ya pili ilikuja Jumatano, na viboksi vilikuwa vya inchi moja kamili. Nilivipima mwenyewe kwa utepe wangu, naye akanitazama nikipima kwa raha isiyofichika. Kisha nikaona maandishi ukutani, kwa zile herufi zake kubwa zilizonyooka: MLANGO WA SIRI.

"Baba! Hawatakiwi kuujua!"

"Upo au haupo?"

"Upo, lakini wautafute."

"Kama upo, unachorwa." Akavua miwani. "Watu wamenililia, wamenitishia, wameniletea mbuzi, nifiche njia ya maji kwenye ramani. Sikuficha. Leo nianze kuwa tapeli kwa ajili ya mdoli?"

"Ni mchezo tu, baba."

Hapo nilikosea, na nilijua kabla sijafunga mdomo. Alikusanya kalamu zake moja moja, akazifutia kwa kitambaa, akaingia chumbani. Siku mbili hakupima kitu. Nilishona sketi nzima mshono ukienda upogo makusudi, nikamwita aje aone. Akasema, "Ni nzuri, mwanangu." Nikafumua sketi ile karibu nilie.

Jumapili asubuhi alinigongea. Mkononi alikuwa na ramani, na bahasha nene yenye karatasi angavu, zile ukiilaza moja juu ya mchoro unauona mchoro wa chini. Nilizikumbuka utotoni, tulizifanyia madirisha ya nyumba za wanasesere.

"Ofisini mabomba hayakuchorwa kwenye karatasi ya viwanja," akasema. "Yana karatasi yake. Ukiyahitaji, unailaza juu. Hapa chini ni vile mtu anavyoona akiingia. Wakigundua kitu, unalaza karatasi yake. Sikuficha. Nimetenganisha."

Nilimkumbatia na bahasha yake. Akajitoa, akanyoosha shati.

"Zina namba. Ya saba usiifungue ovyo."

"Baba, sikuagiza saba. Nilikupa siri sita. Na msimulizi ni mimi."

"Na mpimaji ni mimi," akasema.

Wageni wakaja, tukaanza, na mchezo haujawahi kunoga namna ile. Mlango wa siri ukipatikana, nalaza karatasi, na pale palipokuwa ukuta mtupu unatokea mlango. Nesi alipiga ukelele hadi jirani akauliza kama kuna usalama. Siri sita zikaisha, zimwi likafa, na Spana, badala ya kushangilia, alikuwa anahesabu kwa ncha ya kidole chenye grisi.

"Ngoja kwanza. Kwa nje ukuta huu una viboksi kumi na viwili. Kwa ndani vyumba vinajumlisha kumi. Viwili viko wapi?"

"Labda Mzee kakosea," akasema Nesi.

Tulitazamana watatu, kisha tukacheka. Nukta akosee viboksi viwili!

"Basi kuna kitu humo ndani," Spana akasema. "Mchawi wangu anabomoa ukuta." Akarusha dadu yenye pande ishirini, ikatoka ishirini yenyewe.

Nikachukua karatasi ya saba na kuilaza. Kikatokea chumba kidogo, viboksi viwili, kisicho na mlango. Ndani yake, kwa herufi ndogo zilizonyooka: MPIMA ARDHI. ANANGOJA. Nikaitikisa bahasha, kikadondoka kisanamu cha waya na kizibo, kofia kichwani, na mbele yake kidarubini cha kupimia chenye miguu mitatu ya pini. Pini zangu, zile nilizokuwa nazitafuta wiki nzima.

Nesi akakishika. "Jamani, nani huyu? Ni wetu?"

Nilikuwa nautazama mlango wa chumba cha kushonea. Nilikuwa nimeufunga. Mtu kanichorea wiki nzima, nimepokea bahasha kwa mikono miwili, nimemshukuru, kisha nikafunga mlango kwa mazoea. Nilijichukia kwelikweli.

Nikaenda kuufungua. Alikuwa amekaa kwenye kiti ukumbini, amevaa shati la kazini, rula magotini, gazeti ameligeuza juu chini.

"Mmechukua saa mbili na dakika kumi na saba nukta tano," akasema. "Nilidhani yule fundi angeona mapema zaidi."

Alikuwa anatania, lakini macho yake hayakuwa yanatania. Nikataka kumwomba radhi, nikajikuta nauliza jingine.

"Baba, huyu mpimaji amekaa humo ndani muda gani?"

Akakunja gazeti taratibu.

"Miaka miwili."

Nikangoja nukta, haikuja. Nikamsogezea kiti mezani, na Spana akampa dadu.