Mama Gires Hayupo

Jumamosi ile kabla ya Jumapili ya Shukrani, Thérèse alifungua friza mara sita. Najua kwa sababu nilikuwa nimekaa jikoni kwake nachambua sambaza, dagaa wa ziwa la kwetu, na jiko lilivyo dogo, kila alipopita ilinibidi nivute miguu. Alikuwa akitazama kama sombe, majani ya muhogo ya kwetu, bado ipo. Ilikuwepo, pakiti nane, ngumu kama matofali. Akishafunga friza alikwenda dirishani kuangalia mvua, kisha akasogeza kiti ambacho hakikuwa na kosa lolote.

"Kaa basi," nilimwambia. "Unanizungusha kichwa."

"Nikikaa ndiyo vibaya zaidi, Mwalimu."

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka 2003. Thérèse alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa London, upande wa Catford. Aliwaogesha, aliwageuza kitandani, na wale waliosahau watoto wao aliwasikiliza wakimwita kwa majina ya watoto hao, naye akaitika. Tulitoka mji mmoja, Bukavu, ila kule hatukufahamiana. Kanisani kwetu Lewisham kila mtu alimwita Mama Gires, kwa jina la mwanawe wa miaka sita aliyezaliwa hapahapa.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo hukunjwa likawekwa kabatini. Ataitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wa kwanza tu, hata akizaa kumi. Mimi sikujaliwa mtoto, ndiyo maana naitwa Mwalimu, kwa kazi niliyoifanya zamani.

Na Gires hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa chumba cha pili, ameketi kitandani na koti lake jipya mwilini ingawa hita ilikuwa inawaka. Aliitwa Armelle, miaka kumi na miwili, na alikuwa amefika London wiki tatu tu zilizopita.

Kosa lilikuwa langu. Mwaka 1997 kanisa lilinituma hospitali kumtembelea mwenzetu aliyejifungua, mgeni, mjane, hana mtu. Nilimkuta amelala akitazama ukuta. Nikamuuliza, kama tunavyouliza sote, "Tukuite mama nani?" Akaukunja ukingo wa shuka, akaukunjua. Kisha akaonyesha kwa kidole kile kitanda kidogo cha plastiki. Nikamwandika kwenye daftari la kanisa: Mama Gires. Sikuuliza zaidi. Karani mzuri, nilidhani, ni yule asiyesumbua watu.

Nilikuja kujua baadaye sana. Siku vita vilipoingia Bukavu, Armelle alikuwa ametumwa Walungu kwa Nabintu, dada mkubwa wa Thérèse, kwa wiki moja tu. Barabara ikafungwa. Thérèse alitoka mjini na mimba na mume. Mume hakufika mbali. Miaka miwili na zaidi hakujua kama mtoto yu hai. Alipojua, ikaanza miaka ya mawakili na barua za Homu Ofisi, wizara inayoamua nani aingie nchini. Muda wote huo sisi kanisani tulimwombea "jambo lake", naye hakulitaja, nasi hatukuuliza.

Uwanja wa ndege, akina mama sita walimpokea Armelle kwa vigelegele na blanketi. "Mama Gires, furaha gani hii!" "Mama Gires, hongera!" Mimi nilikuwa karibu na yule binti. Niliona uso wake ukijifunga, kama duka linavyofungwa mchana mtu akifiwa. Mtoto wa Bukavu hahitaji kuelezwa. Alikuwa ameishi miaka saba akijua yeye ndiye jina la mama yake, na kumbe jina lilikuwa limepewa mwingine.

Sasa aliingia jikoni, mrefu, kimya, akasimama mlangoni.

"Mama Gires," alisema, "chumvi iko wapi? Nimechemsha yai jana, halikuwa na ladha."

Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake tangu siku ya kwanza, kwa adabu kamili, kama anavyomwita jirani. "Mama" alilihifadhi kwa simu. Kila Jumapili alimpigia Nabintu, na kutoka chumbani tulimsikia: ndiyo Mama, hapana Mama, nakula Mama.

Thérèse alimpa chumvi kwa mikono miwili, kama mtu anayempa polisi karatasi zake.

"Armelle, kesho wewe ndiye utabeba beseni. Wewe mkubwa."

"Gires abebe. Ndiye mnayemjua."

Akaondoka na chumvi. Thérèse akafungua friza.

Kuhusu beseni: mchungaji wetu, Kizito, alisoma miaka miwili Amerika, akaona jinsi watu wa kule wanavyoshika Alhamisi moja ya Novemba kumshukuru Mungu kwa kula. Aliporudi alitaka nasi tuishike. Alhamisi haikuwezekana, kila mtu yuko shifti. Ikawa Jumapili ya mwisho ya mwezi, na tukaichanganya na mambo yetu: kila nyumba huitwa kwa jina la mama, hupeleka beseni la chakula mbele, na mtoto wa kwanza ndiye hulibeba na kusema neno la shukrani kwa niaba ya wote. Gires alikuwa amelibeba tangu ana miaka mitatu, mama yake akilishikilia kwa chini.

"Mwambie kwa nini unaitwa Mama Gires," nilimwambia Thérèse. "Mtoto ana akili, ataelewa."

"Nimwambie nini? Kwamba niliogopa jina lake?" Alikuwa amesimama tena dirishani. "Wewe fikiri, Mwalimu. Mngeniita Mama Armelle asubuhi, mchana, kwenye basi, sokoni. Kila mkiniita ningesikia mtoto ananiuliza, uko wapi? Nisingeweza hata kumnyonyesha huyu mwingine. Lakini nikimwambia hivyo, yeye atasikia neno moja tu: hukunitaka."

 Nilimwambia kwamba orodha ya majina ninaiandika mimi, na usiku sitalala kabla sijairekebisha. Kesho ataitwa Mama Armelle mbele ya watu wote, na yataisha. Alinitazama kama anayetaka kuamini.

Mchana tulitoka wanne kununua pilipili na kadi ya simu. Mwenye duka, Suresh, alizaliwa Kisumu na anapenda kutuonyesha kuwa Kiswahili chake hakijachacha.

"Mama Gires! Leo jeshi zima! Kesho mnakula ule ndege mkubwa?"

"Bata mzinga," Gires alimwambia kwa Kiingereza, "ni mkavu kama kadibodi."

"Ndivyo Mungu alivyomuumba, mpate hamu ya kuku." Akamwona Armelle. "Na huyu? Mpwa wako?"

"Binti yangu," Thérèse alisema. "Wa kwanza."

"Wa kwanza! Miaka yote hii nakuuzia kadi, hujaniambia!"

Alisema kwa kutania. Armelle aligeuka akawa anasoma maandishi kwenye mfuko wa mchele, na aliendelea kuyasoma hadi tulipolipa.

Jumapili ukumbi ulijaa. Tunaukodi kwa shule moja. Siku za kazi watoto huchezea mpira humo, na ukivuta pumzi unasikia raba na jasho chini ya harufu ya vitunguu. Mbele kulikuwa na meza, na juu ya meza bata mzinga wawili waliopakwa pilipili na Mama Miradie, ambaye kila mwaka anaapa kuwa safari hii watalainika. Thérèse alikaa safu ya nne, beseni la sombe kati ya miguu, Gires kushoto, Armelle kulia. Alifunua beseni, akalifunika, akalifunua tena. Nilikuwa nimempelekea mchungaji orodha mpya. Jina nililiandika kwa herufi kubwa.

Sikukumbuka jambo moja. Mchungaji Kizito hasomi orodha. Anawajua kondoo wake kwa majina, hujivunia hilo, na karatasi zangu huzitumia kujipepea.

"Mama Gires na nyumba yake!" aliita.

Gires aliruka. Thérèse hakusimama.

"Mama Gires!" Mchungaji alicheka. "Amelala? Msameheni, huyu ni mtu wa shifti."

Watu wakacheka. Gires akamvuta mama yake mkono. Nilikuwa pembeni na kalamu yangu, nikitamani sakafu inimeze. Armelle alikuwa anatazama mbele tu, lakini shingo yake ilikuwa imegeuka kidogo upande wa mama yake.

"Mama Gires?" Mara ya tatu hakukuwa na kicheko.

"Hayupo, Mchungaji," Thérèse alisema akiwa amekaa. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilibidi arudie. "Mama Gires hayupo. Hajawahi kuwepo. Ni mimi niliyedanganya nilipoulizwa hospitali, kwa sababu kulitaja la kwanza kulikuwa kunaniua. Mimi ni Mama Armelle. Tangu mwaka wa tisini na moja mimi ni Mama Armelle."

Nilidhani vigelegele vitapigwa. Havikupigwa. Watu waliangaliana, na Gires alianza kulia. Si kilio cha utundu. Alisimama pale na suruali yake ya Jumapili na machozi yakamtoka, akauliza kwa Kiingereza, mbele ya watu wote, kama sasa yeye siye jina la mama tena.

Thérèse aliinuka nusu, akakaa tena. Alikuwa amehesabu mtoto mmoja akisahau mwingine, jambo alilokwisha kulifanya mara moja maishani. Kuna milango ambayo huwezi kumfungulia mtu bila kumfungia mwenzake, na hakuna aliyetufundisha tusimame wapi.

Aliyesogea ni Armelle. Alipita mbele ya magoti ya mama yake, akainama, akashika beseni upande mmoja.

"Gires," alisema. "Shika huko."

Gires anaelewa Kiswahili chote, ila hajibu kwa Kiswahili. Alifuta pua kwa mkono wa shati, akashika. Beseni liliinama upande wake kwa sababu ni mfupi, mchuzi wa sombe ukamwagika kwenye kiatu cha Armelle, naye hakutazama chini. Wakaenda hivyo, kombo, hadi mezani.

"Neno la shukrani," mchungaji alisema taratibu.

Armelle alifikiri. "Mimi naitwa Armelle," alisema. "Huyu ni mdogo wangu." Kisha, kwa kuwa watu walikuwa bado wanangoja: "Sombe ina pilipili nyingi. Basi."

Ndipo Mama Miradie akapiga kigelegele, na watu wakacheka kwa nguvu kupita kiasi, kama wanavyocheka watu waliokuwa wamebana pumzi.

Wakati wa kula Armelle alimletea mama yake sahani. Nilisogea karibu nisikie atamwitaje. Hakumwita chochote. "Chukua," alisema. Thérèse alichukua, akala bata mzinga mkavu wote bila maji, akisimama na kukaa, akisimama na kukaa.

Niliwasindikiza nyumbani. Saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshaingia. Thérèse alijaza sinki akaanza kuosha beseni ambalo tayari lilikuwa limeoshwa kanisani. Chumbani Armelle alikuwa anakwangua kadi ya simu, na mlango safari hii aliuacha wazi. Gires alikuwa amelala miguuni pake na viatu vyake.

Tulimsikia akibonyeza namba zile nyingi. Tukasikia akingoja.

"Haloo?" alisema. "Ndiyo. Ni mimi." Kisha, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu: "Habari za huko, mama mkubwa?"

Bomba lilikuwa linatiririka. Thérèse alilifunga. Neno lenyewe ni la kawaida, ndivyo kila mtoto kwetu anavyomwita dada mkubwa wa mama yake. Lakini Armelle hakuwahi kumwita Nabintu hivyo, na mwenye mama mkubwa ni mtu mwenye mama.

Thérèse alishika ukingo wa sinki. Nilidhani atafurahi, na nadhani alifurahi, ila macho yake yalikuwa kwenye ile simu. Upande wa pili wa simu kulikuwa kimya. Huko Walungu mwanamke mmoja aliyemlea mtoto miaka saba, akamfundisha kusoma, akamficha porini mara mbili, alikuwa amesikia neno lilelile tulilolisikia sisi.

"Mama mkubwa? Unanisikia?"

Thérèse aliingia chumbani, mikono inadondosha maji zuliani. Akanyoosha mkono. Armelle alimtazama, akampa simu.

"Yaya," Thérèse alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. "Ni mimi." Tangu mtoto afike alikuwa amempigia dada yake mara moja tu, kumwambia amefika salama, amevaa koti. Jambo lile jingine hakuwahi kulisema. Alikuwa amemshukuru Mungu, mawakili, kanisa, hata Suresh. "Yaya, aksanti. Yaya, unanisikia? Aksanti."

Sijui Nabintu alijibu nini. Niliona tu Thérèse akiketi kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake akatulia alipoketi, huku Armelle akisogeza miguu ya Gires ili ampishe.