Akaunti ya Mgeni

Mwaka vita vilipofika Goma, nyumba yetu ya vyumba vitatu pale Ruashi, Lubumbashi, ilipokea watu watano: mama mkwe wangu, shemeji yangu na watoto wake watatu. Walikuwa wamepita maziwa mawili hadi Kalemie, kisha wakapanda lori. Walifika na mfuko mmoja wa nguo, bila simu hata moja, maana zote zilinyang'anywa njiani. Mtoto wa mwisho wa mama mkwe, mwanamume wa miaka thelathini, alibaki Goma kulinda depo ya familia, ghala la sukari na mafuta ya kupikia. Tangu waachane naye hakuna aliyejua kama yuko hai.

Simu za kawaida za kule zilikuwa zimekatika. Mke wangu akamwandikia kwa kompyuta yetu, kwamba siku akipata intaneti popote, apige hapo, apige kwa video, mama amwone. Basi kompyuta ile ikawa ndiyo roho ya nyumba. Mama mkwe alikaa mbele yake asubuhi hadi jioni, mikono mapajani.

Lazima niseme ukweli: nilikuwa nimechoka. Shule niliyofundishia haikuwa imelipa kwa miezi mingi, nami niliishi kwa kuchapa mitihani ya shule za jirani kwenye mashine hiyohiyo. Na wageni walikuwa na vidole. Leo saa ya mashine imerudi nyuma kwa saa nzima, kesho maandishi yote yamegeuka Kiingereza. Siku moja mtu alibadilisha mpangilio wa kibodi, toka wa Kifaransa hadi wa Kiingereza, na mimi, mwenye kiburi cha kuchapa bila kutazama, nikachapa kurasa nne za mtihani wa jiografia ambamo kila A ilikuwa Q. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikuwa na jembe. Nilikuwa na neno la siri.

Nikatengeneza akaunti ya mgeni. Ndani yake mtu aliweza kutazama, kuandika, kupokea simu, lakini hakuweza kubadilisha kitu. Akigusa saa, lugha, kibodi au sauti, kidirisha kilimtokea kikidai neno la siri la mwenye mashine, na mwenye mashine nilikuwa mimi peke yangu. Sauti niliizima kabisa, kwa sababu katuni za watoto zilianza kupiga kelele kabla sijanywa chai.

Mke wangu hakupenda.

"Unafunga mashini juu ya mama?"

"Hapana juu ya mama. Juu ya batu bote."

"Na mutoto yake akipiga?"

"Miye niko hapa siku yote. Akipiga, mutaniita, nitafungula."

Nilisema hivyo kwa moyo mweupe. Nilikusudia hata kuirudisha sauti jioni, watoto wakilala. Jioni nikausikia ule ukimya, nikaupenda, nikauacha.

Sasa kuna jambo sikulifikiria, nami ndiye niliyepaswa kulifikiria. Nimezaliwa Lubumbashi, lakini wazazi wangu wote wawili ni watu wa Kasai, na kwetu mwanamume hamwangalii mama mkwe wake usoni. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawaitani. Kwao Kivu mambo si makali hivyo, lakini yule mama aliishika mila yetu kuliko dada zangu wenyewe. Yeye alikaa sebuleni, mimi nilikaa uani na makaratasi yangu. Akitaka kutoka, alisimama nyuma ya pazia la mlango akakohoa. Nikisikia kikohozi, nilibeba kiti changu cha plastiki nikampisha. Nilijivunia sana adabu yangu hiyo.

Alasiri moja mke wangu alikuwa kazini, na shemeji alikuwa amekwenda sokoni na watoto. Nikamsikia mama mkwe akikohoa mlangoni. Nikanyanyuka na kiti changu hadi upande wa jiko. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nikasema moyoni, huyu leo anataka uwanja mzima, nikasogea hadi nyuma ya nyumba, karibu na choo. Mara ya tatu nilimsikia kwa mbali. Nikajiinamia kusahihisha karatasi zangu, nikifurahi kwamba nimempa nafasi ya kutosha.

Jioni mke wangu alimkuta mama yake amekaa sakafuni mbele ya kompyuta. Nilikuwa dirishani nje, nikasikia kila neno.

"Nilimuona," mama alisema. "Amekonda. Alikuwa anaongea, anaongea, sauti hapana. Nilifinya kila mahali, ikaniomba mot de passe, ile neno ya siri."

"Na haukumuita bwana yangu?"

"Nilikohoa mara tatu. Akahama."

Mke wangu hakunigombeza. Alitoka, akanitazama, akarudi ndani, na ningependa zaidi anitukane. Niliingia sebuleni mama akiwa amekwenda chumbani, nikaifuta akaunti ya mgeni, nikaifungua sauti mpaka mwisho. Tulipiga usiku huo na kesho yake na keshokutwa. Kule hakuna aliyepokea. Watoto walirudia katuni zao kwa kelele zote walizotaka. Niliona aibu hata kula ugali wa nyumba yangu.

Wiki ya pili nilikuwa uani na makaratasi. Mama mkwe alitoka bila kukohoa. Nilipoona miguu yake mbele ya kiti changu nikainamisha kichwa, nikaanza kunyanyuka.

"Kaa, mukwe wangu. Niangalie."

Nikamwangalia. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kuuona uso ule kwa karibu. Ulikuwa na makunyanzi mengi kuliko nilivyodhani.

"Mutoto yangu alifanya hivi," akasema. Kisha akafumba midomo, akaifumbua, akaifumba, akaifumbua. Akainyoosha pembeni, akatikisa kichwa kidogo, akaifungua tena kwa upana, yote bila sauti, polepole, kama mtu aliyekariri. "Mwishoni alifanya hivi." Akaonyesha na ishara hiyo ya mwisho. "Weye ulisoma. Ni nini alisema?"

Neno la kwanza nilidhani ni mama. Mengine sikuyajua.

"Rudia tena, mama," nikamwambia.

Akarudia.