Mguu Uliopakwa Mafuta ya Kondoo

"Sasa nikatwe ama nisikatwe?"

Shangazi aliniuliza hivyo akiwa kwenye benchi la maabara ya kulipia niliyofanyia kazi, Kitengela, mguu wake wa kulia umevimba hadi akala, kiatu chake cha tairi, haifungi. Nilikuwa na digrii tu.

Mwiba ulimdunga miaka mingi nyuma akichunga mbuzi nje ya mji wa Kajiado. Kuvu ikaingia na mwiba, ikajijengea nyumba ndani ya nyama. Daktari wa Kajiado alikamua punje nyeusi kwenye matundu ya uvimbe, akatuletea. Ikiwa ni kuvu inayosikia vidonge, angempa vidonge. Ikiwa ni ile sugu, angeukata mguu.

Sisi ndio tuliokuwa na mashine ya infraredi. Unaipa kuvu iliyokaushwa, inaimulika kwa mwanga usioonekana. Kuvu inameza sehemu ya mwanga huo, na mashine inachora kilichomezwa kama safu ya vilima. Kila kuvu ina vilima vyake. Mashine inalinganisha na michoro iliyohifadhi, inatoa jina. Lakini kuvu sharti ioteshwe kwanza kwenye sahani, peke yake, safi, na hiyo huchukua majuma.

Mkubwa wangu, Madam, hakutaka majuma. Alikausha punje vile zilivyotoka mguuni, akazipima. Jina likatoka: ile sugu.

"Madam, hivi vilima viwili virefu ni mafuta," nikamwambia. "Kwetu kidonda hupakwa mafuta ya mkia wa kondoo. Mmepima kondoo."

"Mmepima? Wewe si wa hapa?"

"Ningeulizwa, ningeotesha."

"Nani alikuajiri uulizwe? Hiyo mashine imesoma kukushinda wewe na ukoo wako wote."

"Imesoma kondoo."

Dada wa mapokezi akacheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomuuma Madam. Akatia sahihi majibu palepale, akayatuma Kajiado.

Nikatoka, nikamwambia shangazi asikubali kisu.

"Enkerai ai, mwanangu, una hakika?"

"Sina. Lakini hata wao hawana."

"Ng'ombe wetu waliuzwa ukasome hiyo? Kukosa hakika?"

Alirudi nyumbani bila kuniaga. Nilimpigia daktari, akanifokea kwamba mimi si mkubwa wa maabara, kisha akasema atasubiri. Punje zilizobaki nikaziosha kwa maji ya chumvi, nikazipanda kwenye sahani. Kila asubuhi Madam alizipita akiuliza kama shamba langu limeota.

Liliota, polepole, rangi ya kahawia. Nilipopima, vile vilima vya mafuta vilikuwa vimezama, na jina likawa jingine: kuvu inayosikia vidonge. Madam alitia sahihi bila kunitazama. Mwisho wa mwezi akaniambia nisirudi.

Shangazi alimeza vidonge zaidi ya mwaka, akilalamika kwamba vinamchoma tumbo na kwamba ni mimi niliyemletea. Mguu anao. Anachechemea.

Muda mrefu baadaye yule dada wa mapokezi, naye akiwa ameacha kazi, aliniambia kwamba mchoro wa kwanza, ule wenye mafuta ya kondoo, haukufutwa. Madam aliuhifadhi ndani ya mashine kama kielelezo cha kuvu sugu, na miguu yote inayotoka Kajiado ikiwa imepakwa mafuta bado inalinganishwa nao.