Kunguni Asiyelala Kitandani

Mambo yaliharibika kwa sababu ya neno moja. Ibada ilikuwa imekwisha, tumesimama nje ya kanisa letu karibu na Silibwet, na akina mama wa ushirika wakataka kujua kwa nini mtu mzima wa makamo yangu ameshinda wiki nzima akipiga magoti katikati ya michai ya mama yake. Nikawajibu kwa fahari kwamba nimepata kunguni ambaye huenda hakuna mwanasayansi aliyewahi kumwona. Nilisema kunguni wa mimea. Naapa nilisema. Lakini mtu akishasikia kunguni, masikio hufungwa na ngozi huanza kuwasha. Mmoja akajikuna shingo palepale. Mwingine akaniuliza kwa upole kama nilimbeba kutoka Nairobi kwenye begi.

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya mama kuwapokea kwa maombi. Wakatuma ujumbe kwamba Mungu yuko kila mahali, na wao wataomba wakiwa kwao. Mama alikuwa ameshachemsha chai ya sufuria kubwa. Tuliinywa wawili mpaka ikaanza kuota ngozi.

Naomba nimtetee mdudu. Ni jamaa wa mbali tu wa yule wa kitandani: ana mdomo kama sindano, ila anafyonza majani machanga, si watu, na kuyaachia madoa ya kahawia. Mwembamba kama mbu, mwili wa kijani, miguu myekundu kama aliyetoka kukanyaga rangi. Nilisomea zoolojia chuo kikuu, kisha nikaishia kuandika makala magazetini, kazi isiyomtaka mtu awe na hakika ya jambo lolote. Miguu ile ilinishtua. Wadudu wa chai niliofundishwa hawakuwa na miguu ya namna hiyo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikatamani kuwa na hakika.

Nikawatia wachache kwenye kichupa cha spiriti na kuwapeleka kwa mtaalamu mmoja Nairobi, mama mpole aliyewatazama kwa darubini na kusema kwamba miguu haimaanishi kitu. Rangi hudanganya. Alitaka madume, kwa sababu kunguni hawa wanaofanana hutofautishwa kwa sehemu za siri za dume, ambazo hulainishwa kwa dawa kali, zikachorwa kwa ukubwa wa sahani. Nikarudi Silibwet kutafuta madume. Mchungaji alipopita njiani kunisalimu akaniuliza nafanya nini, nami, kwa kuwa yeye ni mtumishi wa Mungu, nikamwambia ukweli. Hajapita njia hiyo tena.

Baada ya miezi ya kulinganisha michoro na maelezo ya wote wanaojulikana, mtaalamu akanipigia simu. Ni mpya. Tutaandika maelezo yake pamoja, na kwa kuwa mimi ndiye niliyempata, nichague jina.

Sikufikiri hata kidogo. Baba ndiye aliyepanda michai ile, na sasa jina lake limebaki kwenye jiwe la kaburi tu. Nilitaka liandikwe kwa Kilatini, kwenye jarida linalosomwa na watu wachache sana, lakini wa mabara mbalimbali.

Nikampelekea mama habari hiyo shambani, kikapu mgongoni mwake kimefika nusu. Hakuacha kuchuma.

"Alipiga chafya?" akauliza.

Kwetu mtoto akizaliwa, wazee huyataja majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine, na lile litakalomfanya apige chafya ndilo lake. Nikamwambia kunguni hana pua.

"Basi baba yako hajakubali."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akataka kujua kama mdudu huyo anaharibu chai, nikasema kidogo, akasema kidogo ni kuharibu.

"Sasa afisa wa kilimo akija kutufundisha mambo ya dawa, atasimama hapo mbele ya watu aseme nini? Tumpulizie baba yako tumuue mara ya pili?"

Nikajaribu kueleza kwamba kwa Kilatini hakuna atakayelitambua jina. Hapo akaacha kuchuma.

"Umeniletea kunguni nyumbani, wageni wangu wakakimbia. Leo unaniambia huyo kunguni ndiye mzee wangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, na nikaona kwamba hatanii. Kisha akarudi kwenye majani. "Mpe jina lako. Nyinyi wawili mnakula hapa bila kuchuma."

Nikamweleza kwamba adabu ya sayansi hairuhusu mtu kumpa mdudu jina lake mwenyewe. Akasema hiyo ndiyo adabu ya kwanza aliyoisikia nimetoka nayo chuo kikuu.

Nilimpigia mtaalamu palepale. Alikuwa ameshaandika jina la baba, na akaniuliza kama kuna ugomvi wa ukoo. Nikasema hakuna, ila mwenye mume amekataa. Tukaafikiana tutumie maneno ya Kilatini ya miguu myekundu, ile ile isiyomaanisha kitu. Hakuna wazo jepesi kuliko hilo, na litadumu kuliko makala zangu zote.

Mama akaniomba nilirudie jina. Akalijaribu mdomoni, akalishindwa, akaniuliza maana yake. Nikamwambia. Akainama, akageuza chipukizi moja baada ya jingine mpaka akampata mmoja, akamwinua karibu na macho.

"Kweli, ni myekundu," akasema. "Huyu sasa namweza."

Akamponda kwa kidole gumba, akajifuta kwenye aproni ya plastiki, akaendelea kuchuma.