Laini ya Milango Miwili

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kwa hilo. Nikinunua samaki namfunua mashavu hata kama muuzaji ni mtoto wa mjomba. Kwa hiyo intaneti ilipoanza kukwama kila alasiri kwenye nyumba yangu ya wageni, sikumlaumu shetani wala mvua. Nilimtazama jirani.

Jirani mwenyewe ni mzee wa Kiarabu ninayemwita Ami tangu sijajua kusema vizuri. Yeye na marehemu baba yangu walifungua pamoja duka la vitambaa, mlango wa pili kutoka kwetu, hapa hapa Bagamoyo mjini. Mama yangu alikaa kwenye kaunta ya duka lile akipima na kukata vitambaa mpaka mvi zikamjaa. Nyumba yetu mimi niliigeuza ya wageni. Ami ndiye aliyeleta wazo la kukodi laini moja ya biashara na kuigawana, simu na intaneti humo humo. Fundi wa kampuni alipokuja kutuunganishia alitueleza kwamba laini yetu ni nyembamba, na simu ndizo zinazotangulia. Mkonga wa simu ukiinuliwa tu, simu inajikatia fungu lake, intaneti inabaki na makombo. Hata tukipigiana sisi kwa sisi, mlango kwa mlango, sauti inakwenda kwanza Dar es Salaam ndipo irudi. Siku ile tulicheka sana.

Baba akafariki. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi za kutotoka ndani, na shangazi akahamia kwetu kumsimamia. Shangazi kwa mambo hayo ni mkali kuliko kadhi. Mama ataswali, atavuta tasbihi, atasikiliza mawaidha redioni, basi. Simu yake ya mkononi ilichukuliwa, maana pole za watu zilikuwa hazimpi nafasi ya kupumua. Mimi nikamwekea chumbani simu ya mezani, aniite mapokezi akitaka uji au maji. Hakuniita hata mara moja. Chakula alikuwa anakidonoa tu, na jambo hilo liliniumiza kuliko nilivyoonyesha.

Ndipo intaneti ikaanza visa vyake. Asubuhi inakwenda vizuri, ikifika alasiri, wakati wageni wengi wanaulizia vyumba, inakwama. Mgeni anasubiri, anachoka, anakwenda kulala kwingine. Na nyumba ile ndiyo inayotulisha sote. Nikapigia kampuni kwa simu yangu ya mkononi. Dada aliyepokea akasema laini ni nzima.

"Ila kuna simu inashikiliwa muda mrefu, dada. Kila alasiri."

"Inashikiliwa wapi?"

"Huko huko kwenu. Nani hasa, mtajuana wenyewe."

Ya mapokezi ilikuwa mbele ya macho yangu, imetulia. Ya mama sikuifikiria kabisa. Akabaki Ami.

Nikaanza kumchunguza. Nilikwenda dukani kwa visingizio, leo sindano, kesho uzi. Pembeni mwa kaunta alikuwa ametandika kipande cha kitambaa, kimefunika kitu. Kila nikiingia alipandisha sauti ghafla, "Aa, karibu, binti yangu!" kana kwamba anamwarifu mtu kuwa nimefika. Tena maneno yalikuwa yamemzidi. Ami, ambaye siku zote bei yake ni neno moja, sasa alikuwa anabishana na wateja, anawauliza habari za Kaole, nani kaoa, nani kajifungua. Nikajiambia kuna mtu anasikilizishwa hapa, na anasikilizishwa kwa laini yangu. Hata alipoulizia hali ya nyumbani niliona ndoano.

"Mama kala leo?"

"Kala," nilimjibu kwa mkato. Na ni kweli, siku zile mama alikuwa ameanza kula, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuwaza hilo?

Nikamwambia shangazi naikata laini, kila mtu ashike lake. Akanikazia macho.

"Ukivunja na yule, umevunja na baba yako."

Nikamjibu kwamba baba hakupata kuendesha nyumba ya wageni.

Siku moja, baada ya swala ya alasiri, intaneti ilikwama wakati watu wa harusi wako katikati ya kuchukua vyumba vyangu vyote. Nikavaa baibui juu juu, nikatoka. Nimeshaamua kwamba leo tunaachana. Dukani alikuwepo mwanamke mmoja wa Zinga anabishania vitenge. Hata shikamoo sikutoa. Nikakifunua kile kitambaa, nikaukuta mkonga wa simu umelazwa chali.

"Ami, unaongea na nani?"

"Siongei na mtu, binti yangu. Uache tu."

Nikaunyakua. "Wewe nani unayetumalizia laini?"

Kwanza nikasikia mawaidha ya redioni kwa mbali. Halafu ikaja sauti ya kunong'ona, ya mtu anayejificha asisikiwe na shangazi chumba cha pili.

"Uweke chini, mwanangu. Huyu wa Zinga hajafika bei yake."

Nikabaki nimeushika. Ami alikuwa anatazama sakafu.

"Mimi ndiye niliyemwambia apige," akasema. "Siku niliyompa pole aliniuliza kama duka bado lina watu. Hasemi neno, anasikiliza tu."

Hasira zilinitoka zote, na mahali pake pakaingia uchungu. Nilikuwa nimempa mama uji, redio na utulivu, na kumbe alikuwa anataka zogo la duka lake.

Nikaulaza mkonga chali kama nilivyoukuta, nikausogeza karibu na mteja. Mwanamke wa Zinga akataja bei yake. Ami alitaka kukataa, nikamwashiria aniachie. Basi nikazunguka nyuma ya kaunta, nikakalia kiti cha mama, nikamwambia yule mwanamke kwa sauti ya kutosha kufika Dar es Salaam na kurudi, "Dada yangu, kwa bei hiyo nikufungie mfuko mtupu?"

Kwenye mkonga kikatoka kicheko, cha kwanza tangu tumzike baba.