Mashine ya kupima moshi iliyovalishwa kitambaa Gitothua

Wakuu, habari zenu. Hii sikusimuliwa na mtu, imenipata mwenyewe, na kitambaa chenyewe kiko hapa mezani nikiandika.

Niko Thika, na timu ndogo ya kupima moshi wa misitu ikiungua. Tunaweka mashine kwa nyumba za watu, zinavuta hewa na kutuma readings. Computer inachanganya hizo na upepo, inachora moshi unaelekea wapi, halafu wenye asthma wanapata message: tokeni ama kaeni ndani.

Mashine ya Ruiru niliweka kwa mamangu, mtaa wa Gitothua. Yeye pia alikuwa na asthma. Aliipenda hiyo kitu kuliko TV, kila mgeni lazima angeonyeshwa.

Sasa, msitu wa huko juu ukawaka.

Asubuhi iliyofuata Thika ilinuka moshi wa kuni mpaka ndani ya ofisi. Readings zilipanda vibaya. Lakini Ruiru? Chini kabisa.

Boss akaangalia ramani, akasema upepo umepitisha moshi kando. Hata mimi niliamini, na nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

Message ikaenda: Ruiru, hewa ni nzuri.

Mathe akanipigia.

"Moshi naiona huku nje, lakini message ya mashine yako imesema ni sawa. Wacha basi niende chama huko Kimbo, wamama wananingoja."

"Sawa mum, usisahau inhaler."

Alianguka kabla hajafika stage ya Kimbo. Wamama wenzake wakamkimbiza hospitali. Kufika, nilipata ameshafunikwa shuka.

Mnajua wamama wetu na vitambaa. Radio ina chake, viti vina vyao, remote iko ndani ya nailoni.

Nilipoenda kwake kutoka hospitali, nikakuta mashine pale nje chini ya paa imefungwa nailoni. Juu yake kuna kitambaa cheupe cha crochet, kimejaa majivu.

Jirani akaniambia, "Alifunika jana akiona moshi inakuja. Alisema ni ya kijana yake, isiharibike."

Wakuu, nililia kama mtoto. Nina hasira mpaka leo na sijui nimpelekee nani.

Nilichojifunza: mwenye nyumba aambiwe waziwazi mashine haifunikwi, hata kwa mapenzi. Sisi tulikuwa tunawaambia wasichomoe stima tu. Na ukiona moshi kwa macho yako, kaa ndani, achana na ramani.

Boss anataka nifute readings za hiyo siku, ati ni data mbovu, zinaharibu model. Najua ako right.

Lakini sijafuta. Ndiyo siku ya mwisho mamangu alinichungia kitu changu.

Nyinyi mngefuta?